Elimu ya Maumbo na Mipaka ya Mashamba

Katika nchi ya Migori na Homa Bay, shamba linapouzwa au kugawanywa, desturi ya wengi ni kulizunguka kwa hatua. Wazee hutangulia, mnunuzi hufuata, na mtu mmoja mwenye miguu mirefu huhesabu: mia upande wa barabara, mia kando ya mikonge, mia chini kwenye kijito, na mia tena kurudi juu. Hesabu huandikwa katika karatasi, mashahidi hutia sahihi, na kila mtu huenda zake akiamini kuwa shamba limekwisha kupimwa. Kumbe halijapimwa.

Mwenye shaka na atwae fito nne zenye urefu mmoja, azifunge ncha kwa ncha kwa kamba, kisha azilaze chini. Mara ya kwanza atapata umbo la mraba. Akilisukuma pembeni, umbo litalala, na akizidi kulisukuma litakuwa jembamba kama ufa, ingawa hakuna fito hata moja iliyoongezwa wala kupunguzwa. Shamba nalo ni vivyo hivyo. Pande nne za mita 100 kila mmoja, zikiwa zimesimama katika mraba, hufunga hekta moja, yaani karibu eka mbili na nusu. Lakini zikilala mpaka pembe moja iwe ya digrii 30, eneo lake ni mita za mraba 5,000 tu, nusu ya lile la kwanza. Karatasi ya mashahidi itasema maneno yale yale kwa mashamba yote mawili, na aliyelipa fedha za hekta moja atalima nusu hekta.

Sasa na azitwae fito tatu, azifunge vivyo hivyo. Hizo hazisukumiki. Pembetatu ikiisha kupewa urefu wa pande zake tatu haina njia ya kubadili umbo, na pembetatu mbili zenye pande tatu zilizo sawa ni sawa kabisa, pembe kwa pembe. Hii ni moja ya kanuni ambazo mwanafunzi wa shule ya sekondari, awe Kanga au Rapogi katika Migori, au Asumbi katika Homa Bay, huikariri kwa ajili ya mtihani. Baba yake nyumbani ndiye anayeihitaji zaidi. Maana akipima pande nne za shamba lake na kuongeza kipimo kimoja tu, ule ulalo unaotoka pembe moja kwenda pembe inayoikabili, shamba limekwisha kuwa pembetatu mbili zisizoweza kulala. Katika ule mraba wa mita 100, ulalo ni kama mita 141. Katika lile lililolala, ulalo mfupi ni kama mita 52. Basi udanganyifu wote ungalifichuka kwa kamba moja iliyovutwa katikati ya shamba.

Elimu hii Wayunani waliiita jiometri, na maana yake ni kupima ardhi. Mwandishi wao Herodotus alieleza kuwa ilianza Misri, ambako mto Nili ulifurika kila mwaka na kufuta mipaka, ikawabidi wapimaji wa mfalme waje na kamba zao. Watu wa Nyatike, ambao mto Kuja huwafurikia karibu na ziwa, hawatastaajabu kwa habari hiyo. Maji ya Kuja huingia ziwani, na ziwa humwaga maji yake Jinja kuelekea Misri, ingawa ni kweli kwamba mafuriko ya Misri yaliletwa zaidi na mvua za Uhabeshi. Baadaye, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, mwalimu aitwaye Euclid aliyekuwa Alexandria alizikusanya kanuni hizi katika vitabu 13, akazipanga hata kila moja ikathibitishwa kwa zile zilizoitangulia.

Yeye alianza na maneno machache. Nukta ni mahali tu, haina urefu wala upana. Mstari una urefu bila upana. Kati ya nukta mbili unaweza kupita mstari mmoja tu ulionyooka. Maneno haya huonekana kama mchezo wa watoto, lakini watu wa Migori wanaishi na matokeo yake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajeremani walipopatana juu ya mpaka wao, walichagua nukta ziwani, mahali digrii 1 kusini ya ikweta inapokutana na pwani ya mashariki, nao mstari ukavutwa toka hapo, umenyooka, mpaka kaskazini ya mlima Kilimanjaro. Mstari ule haukuuliza malisho wala makaburi. Wakuria wakajikuta wengine huku na wengine kule, na leo anayetoka Isebania kwenda Sirari huvuka kutoka Kenya hadi Tanzania kwa miguu. Mstari wa Euclid hauna upana, lakini huo una polisi na forodha.

Turudi shambani. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako chake mara kimo chake, na kimo lazima kisimame wima juu ya kitako. Tuseme shamba lina pande nne, na ulalo wake ni mita 120. Kutoka kwenye ulalo huo mpaka pembe ya upande mmoja ni mita 50, na mpaka pembe ya upande wa pili ni mita 40. Nusu ya 120 ni 60. Mara 90, ni mita za mraba 5,400. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047, kwa hiyo shamba hilo ni eka moja na theluthi. Hesabu hii haimpiti mtu aliyemaliza shule ya msingi.

Kutokana na kanuni hiyo hutoka nyingine iwafaayo wazee wenye wana. Pembetatu mbili zenye vitako vilivyo sawa na kimo kimoja zina eneo moja, hata kama kwa macho moja huonekana nyembamba kuliko nyingine. Mzee mwenye shamba la pembetatu na wana watatu hana haja ya kubahatisha. Agawanye upande mmoja katika sehemu tatu zilizo sawa, kisha avute mistari kutoka hapo mpaka pembe iliyo mbele. Kila mwana atapata theluthi kamili. Ila achague vizuri upande wa kugawanya. Kule kwenye ncha mashamba yote matatu yatakuwa membamba mno, na ng'ombe wa plau hawatapata nafasi ya kugeuka; kwa hiyo afadhali upande mpana uwe ule wa barabara au wa maji, ili kila mmoja awe na njia yake. Kanuni hutoa usawa wa eneo, wala haijui udongo mzuri uko wapi.

Kanuni hiyo hiyo huweza kunyosha mpaka uliopinda bila jirani yeyote kupoteza kitu. Fikiri mpaka utokao kwenye jiwe, uendao mpaka kwenye mti, hapo ukapinda na kushuka mpaka kigingi kilicho barabarani. Majirani wote wawili wanaudhika kulima kwenye kona ile. Na wavute kamba kutoka kwenye jiwe moja kwa moja mpaka kwenye kigingi. Kisha, kuanzia mtini, wavute kamba ya pili iliyo sambamba na ile ya kwanza, mpaka iikute barabara. Hapo wapige kigingi kipya. Mpaka mpya utatoka kwenye jiwe kwenda kigingi kipya, umenyooka. Pembetatu iliyoondolewa na ile iliyowekwa mahali pake zina kitako kimoja, nacho ni ile kamba ya kwanza, na vimo vyake ni sawa kwa kuwa mistari sambamba haikaribiani wala haiachani. Alichotoa mtu huku amekipata kule. Bila shaka mapatano kama hayo hayana budi kufikishwa katika ofisi ya ardhi, na ugawanyaji wa mashamba unahitaji idhini ya bodi iliyowekwa na sheria ya mwaka 1967. Kamba peke yake haibadili hati.

Kuhusu pembe mraba, mafundi wa Rongo na Oyugis wanaijua kanuni yake hata kama jina la Pythagoras hawalitaji. Fundi hupima futi 3 upande huu wa msingi, futi 4 upande ule, na kama kutoka alama hii mpaka ile ni futi 5, kona yake ni mraba. Tatu mara tatu ni 9, nne mara nne ni 16, na jumla 25 ndiyo tano mara tano. Watu wa Babeli walizijua hesabu za namna hii zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Pythagoras kuzaliwa. Fundi mwangalifu hatumii futi 3 na 4 kwa nyumba kubwa, bali mita 6, 8 na 10, kwa sababu kosa la kidole kimoja kwenye kona ndogo hukua kadiri ukuta unavyokwenda, na mwisho wake huonekana siku ya kuezeka, mabati yanapokataa kukutana na ukuta. Akimaliza hupima ulalo zote mbili. Kama kuta zinazokabiliana ni sawa, na ulalo nazo ni sawa, nyumba ni mstatili, wala hakuna ubishi.

Hapa inafaa kutaja viwanja vya mijini. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 huitwa na wauzaji wengi thumuni ya eka. Eka ina futi za mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Hamsini mara mia ni 5,000. Mnunuzi amepungukiwa futi za mraba 445, yaani nafasi ya vyumba vitatu vya futi 12 kwa 12.

Duara ni umbo ambalo nchi hii inalifahamu tangu zamani. Kigingi kimoja, kamba moja, na mtu wa kuizungusha: kila nukta ya ukuta iko mbali sawa na kigingi, na nyumba ya msonge imepata msingi wake. Msomaji atakayefika Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, ataona kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, ambazo yamkini zilianza kujengwa katika karne ya 16. Mahali pengine zimeinuka zaidi ya mita 4. Mwaka 2018 UNESCO ililiweka boma hilo katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta zake hazikuchorwa kwa kamba, lakini zinakwenda kwa mzingo, na jambo hilo lina faida inayohesabika. Ukuta wa mita 400 uliojengwa kwa mraba hufunga mita za mraba 10,000. Ukijengwa kwa mstatili wa 150 kwa 50, hufunga 7,500. Ukijengwa kwa duara, hufunga kama 12,700, wala hakuna umbo lolote litakaloshinda hilo. Kwa watu waliobeba kila jiwe kwa mikono, na waliotaka ng'ombe wao wote walale ndani, tofauti hiyo haikuwa ndogo.

Imebaki ramani. Ramani ni umbo linalofanana na shamba: pembe zake ni zile zile, na pande zote zimepunguzwa kwa kiasi kimoja. Ikiwa imechorwa kwa kipimo cha 1 kwa 2,500, milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za ardhi. Kalamu yenye ncha ya nusu milimita hufunika zaidi ya mita moja, na hapo ndipo majirani hugombania mistari mitatu ya mahindi! Ndiyo sababu sheria ya ardhi ya mwaka 1963, na ile ya mwaka 2012 iliyochukua nafasi yake, zilisema kuwa ramani huonyesha mipaka kwa kukisia tu, isipokuwa pale mipaka ilipokwisha kuwekwa rasmi kwa vipimo kamili. Ugomvi wa mpaka usiowekwa hivyo huamuliwa kwanza na Msajili wa Ardhi, ndipo mahakama iusikilize. Mikonge na minyaa iliyopandwa na wazee kando ya mashamba ina uzito katika ugomvi huo, na anayeing'oa usiku anajua anachokifanya.

Mwenye kutaka uhakika aweza kuomba mipaka yake iwekwe rasmi na mpimaji. Hapo kila kona huwa nukta yenye vipimo vyake, na mto Kuja ukikichukua kigingi kimoja, viwili vilivyosalia na urefu wa kamba mbili vyatosha kukirudisha. Mpimaji huzungusha kamba moja kutoka kigingi cha kwanza na ya pili kutoka kigingi cha pili, na mahali duara zinapokatana ndipo penyewe. Lakini duara mbili hukatana mahali pawili, huku na huku ya mstari unaounganisha vigingi vile. Kwa hiyo hapana budi karatasi iwe imesema kigingi kilichopotea kilikuwa upande gani.