Je, Wajua? Tumbo la Mama: la Kusubiri na la Kukimbilia

Safari hii safu yetu inaingia tumboni, kwa mama aliyekwisha kujifungua. Tunaanzia kwenye misuli iliyoachana, tunapita mezani kwa daktari wa upasuaji, kisha tunafika Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, Kongo, ambako kuna somo kubwa la uzazi.

1. Je, wajua kwamba mimba haichani misuli ya tumbo? Kutoka chini ya kifua hadi kinenani kuna misuli miwili mirefu, mmoja kulia na mwingine kushoto, inayounganishwa katikati na utepe mweupe wa nyuzinyuzi ngumu. Mtoto akikua, utepe huo hutanuka na kuwa mwembamba, misuli ikasogea pembeni. Hali hiyo madaktari huiita diastasisi.

2. Je, wajua kwamba karibu kila mjamzito huipata? Utafiti wa Ureno uliochapishwa 2015 uliwapima wanawake kwa ultrasaundi, na kufikia wiki ya 35 ya mimba wote walikuwa nayo. Miezi 6 baada ya kujifungua ilikuwa imebaki kwa 39 kati ya kila 100. Norway nako, kati ya wanawake 300 waliofuatiliwa, mmoja kati ya watatu alikuwa bado nayo mtoto alipotimiza mwaka. Kwa hiyo mama ambaye tumbo halijarudi hajafanya kosa lolote.

3. Je, wajua kwamba hata watoto wachanga huzaliwa na mwanya huo? Kwa wengi wao hujifunga wenyewe wanapokua. Wanaume wa makamo wenye vitambi nao huupata, bila kubeba mimba hata moja.

4. Je, wajua kwamba unaweza kujipima bila mashine? Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha pitisha vidole katikati ya tumbo, juu na chini ya kitovu. Vidole vikizama kati ya kingo mbili ngumu, hesabu ni vingapi vimeingia. Madaktari wengi huanza kuiita diastasisi mwanya unapozidi sentimita 2, yaani kama vidole viwili.

5. Je, wajua kwamba diastasisi si ngiri? Kwenye diastasisi utepe umelegea lakini haukutoboka. Kwenye ngiri ya kitovu kuna tundu, na utumbo unaweza kunaswa humo. Uvimbe wa kitovuni ukiwa mgumu, unauma na haurudi ndani, tena mgonjwa anatapika, hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Mama mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

6. Je, wajua kwamba kufunga tumbo kwa kikwembe au kanga kunasaidia mgongo kuliko kunavyoufunga mwanya? Mama wengi husema wanajisikia imara wakijifunga, na hilo si la kubezwa. Ila hakuna ushahidi madhubuti kwamba kitambaa chenyewe hurudisha utepe uliotanuka. Kikikazwa hadi kupumua kunakuwa kazi, kilegezwe. Maji ya moto ya kukandia nayo yapimwe kwanza, kwani ngozi ya mzazi huungua kama ngozi nyingine yoyote.

7. Je, wajua kwamba zoezi la kwanza ni kupumua? Vuta pumzi, itoe polepole, na wakati wa kuitoa vuta kitovu ndani na kaza misuli ya nyonga kama mtu anayezuia mkojo. Kinachoamka ni misuli ya ndani kabisa ya tumbo. Ukiona tumbo linachomoza katikati unapoinuka kitandani, geuka ubavu kwanza, ujisukume kwa mkono.

8. Je, wajua kwamba katika upasuaji wa diastasisi misuli yenyewe haikatwi? Daktari hufika kwenye utepe uliolegea, akaukunja katikati na kuushona urefu wote, mara nyingi kwa uzi usiooza au unaochelewa kuoza. Kingo za misuli hukutana tena. Anaweza kufika huko kwa mkato mrefu wa chini ya tumbo, akaondoa na ngozi iliyozidi, au kwa matundu madogo na kamera.

9. Je, wajua kwamba uzi peke yake unaweza kutosha? Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2016 uliwagawa wagonjwa: wengine walishonwa kwa uzi tu, wengine wakawekewa wavu wa kuimarisha. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Maumivu yalipungua na nguvu za tumbo zikaongezeka kwa wote.

10. Je, wajua kwamba kitambaa cha chandarua kimewahi kufanya kazi ya wavu huo? Mashariki mwa Uganda, wanaume 302 wenye ngiri ya kinena walipasuliwa, nusu wakiwekewa wavu wa kiwandani wa bei ghali na nusu kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kitaalamu. Matokeo yalitoka 2016: baada ya mwaka, ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu wa kundi la chandarua. Lakini hiyo ilikuwa ngiri ya kinena, na wavu uliandaliwa hospitalini. Chandarua cha kitandani kibaki kitandani.

11. Je, wajua kwamba daktari mwaminifu atakuuliza kama bado unataka kuzaa kabla ya kukupangia siku? Mimba mpya huweza kuutanua tena utepe ulioshonwa. Ndiyo maana wengi husubiri mama amalize uzazi, na wala hawapasui kabla ya miezi 6 hadi mwaka tangu ajifungue, mazoezi yakiwa yamejaribiwa. Sasa piga hesabu ya Kongo, kusubiri huko ni miaka mingapi: uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke.

12. Je, wajua kwamba gharama kubwa huja baada ya kutoka hospitali? Aliyeshonwa tumbo huambiwa asibebe kizito kwa wiki kama 6, pengine zaidi. Kwa mama wa Kasongo maana yake ni wiki 6 bila ndoo ya maji, bila mzigo wa kuni, bila kutwanga sombe, bila shamba la mpunga. Familia ikipanga upasuaji, ipange na nani atashika mchi.

13. Je, wajua kwamba Waafrika wa Maziwa Makuu walifunga tumbo lililopasuliwa kabla ya hospitali za kisasa kufika? Mwaka 1879, huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga akimpasua mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ikatumika kuosha tumbo na mikono ya mganga. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Tumbo lilibanwa kwa pini 7 nyembamba za chuma zilizozungushiwa uzi, likapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa. Siku ya 6 pini zote zilikuwa zimetolewa, siku ya 11 kidonda kimepona, mama na mtoto wakiwa hai. Felkin alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884.

14. Je, wajua kwamba katika upasuaji wa kawaida wa kujifungua misuli ya mbele ya tumbo haikatwi? Husogezwa kando, mtoto akatolewa. Mkato wa kulala wa chini ya tumbo ulielezwa na Mjerumani Hermann Pfannenstiel mwaka 1900, na hadi leo ndio hutumika sana.

15. Je, wajua kwamba Kasongo ina sifa mbili? Wanahistoria huijua kama makao ya mfanyabiashara Tippu Tip, mji uliotekwa na majeshi ya kamanda Mbelgiji Dhanis mwezi Aprili 1893. Wataalamu wa afya huijua kwa Mradi wa Kasongo, ulioanza 1971 kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Fikra yake ilikuwa vituo vidogo vya afya karibu na watu, vikiungana na hospitali moja ya rufaa.

16. Je, wajua kwamba Kasongo ndiyo iliyoonyesha kuwa uzazi wa kukwama hautabiriki vizuri? Timu ya mradi iliwafuatilia wajawazito waliokuja kupimisha mimba, ikajaribu kuwatenga wale wa hatari kwa kuangalia historia ya uzazi wao. Matokeo, yaliyochapishwa miaka ya 1980, yaliwashtua wengi: asilimia 71 ya waliokwama hawakuwa kwenye orodha ya hatari, na 9 kati ya kila 10 waliokuwa kwenye orodha hawakukwama.

17. Je, wajua hesabu hiyo ilibadilisha nini? Iliwapa hoja waliosema kwamba kumwambia mama "wewe huna hatari" ni kumdanganya, na kwamba kila mjamzito apate njia ya kufika penye upasuaji. Mpangilio wa kituo na hospitali ya rufaa nao ukawa wa nchi nzima: leo Kongo ina zoni za afya 519, zikiwemo za Kasongo na Kabambare.

18. Je, wajua kinachotokea uzazi ukikwama kwa siku mbili tatu? Kichwa cha mtoto hubana kibofu na uke dhidi ya mfupa wa nyonga. Damu haipiti, nyama hufa, na siku chache baadaye hutoboka. Mkojo unaanza kuvuja bila kukoma. Hiyo ndiyo fistula. Haitokani na uchawi wala uzinzi.

19. Je, wajua kwamba mmoja wa mabingwa wa kushona fistula duniani ni jirani wa Maniema? Denis Mukwege alianzisha Hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999, na akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani 2018. Mwaka 2015 alitetea tasnifu yake ya udaktari Brussels, na mada yake ilikuwa fistula za mashariki mwa Kongo.

20. Je, wajua kwamba wanawake wa Kongo wamechangia kufupisha kulazwa kwa wagonjwa wa fistula? Utafiti wa 2015 uliwahusisha wanawake 524 wa nchi 8 za Afrika, Kongo ikiwemo. Ulionyesha kwamba baada ya kushonwa fistula isiyo ngumu, siku 7 za mpira wa mkojo hufaa sawa na siku 14. Ni wiki nzima mama anayoirudisha nyumbani.

21. Je, wajua kwamba serikali ya Kongo ilizindua huduma ya kujifungua bila malipo Kinshasa mwezi Septemba 2023, kwa nia ya kuipeleka mikoani hatua kwa hatua? Mjamzito aulize kwenye materniti yake kama imeshafika, na nini hasa kimelipiwa. Kusafiri kutoka kijijini ni suala jingine.

22. Je, wajua kipi kisubiri na kipi kisisubiri? Mwanya wa vidole vitatu unaweza kusubiri mwaka, hata miaka, na ukashonwa vizuri vilevile. Visivyosubiri ni uchungu uliozidi saa 12, damu nyingi, degedege, homa kali, na mkojo unaovuja baada ya kujifungua. Anayeishi mbali na hospitali, ng'ambo ya mto Luama au ndani kabisa ya Kabambare, asogee mjini kwa ndugu wiki za mwisho za mimba. Pikipiki, fedha na mtu wa kutoa damu vitafutwe kabla uchungu haujaanza, hata kama mimba zilizotangulia zilikwenda salama.