Msokoto wa Tumbo na Utumbo Ulionyimwa Damu: Maarifa ya Tiba na Tatizo la Istilahi

Mgonjwa atokaye katika vilima vya Dawida au Sagalla akifikishwa hospitalini Voi, aghalabu maelezo ya maradhi yake hupita katika lugha mbili kabla ya kuandikwa katika lugha ya tatu. Nyumbani husemwa Kidawida au Kisaghala (na upande wa Taveta husemwa Kitaveta, ambacho Guthrie alikiweka katika kundi G, mbali na Kitaita cha kundi E). Mbele ya muuguzi husemwa Kiswahili. Katika faili huandikwa Kiingereza. Kwa magonjwa mengi safari hiyo ya maneno haina madhara makubwa. Upo ugonjwa mmoja, hata hivyo, ambao hautoi nafasi ya kurudia swali, nao ni ule wa utumbo kunyimwa damu.

Utumbo mwembamba wote, isipokuwa mwanzo wake, pamoja na sehemu ya utumbo mpana, hulishwa na ateri moja kubwa itokayo katika aota. Ateri hiyo ikizibwa ghafula, utumbo huanza kufa katika muda wa saa chache. Kwa karne nyingi matabibu wa Ulaya waliliona jambo hili katika maiti tu, bila kujua asili yake. Katika miaka ya 1840 Rudolf Virchow, mjini Berlin, alionyesha kwamba donge la damu huweza kung'oka mahali lilipoganda, likasafiri na kukwama mbali. Mwaka 1875 Litten aliifunga ateri ya utumbo katika wanyama na kuyathibitisha matokeo yake. Na mwaka 1895 J. W. Elliot wa Boston aliukata utumbo uliooza, mgonjwa akapona.

Hatua iliyofuata haikuwa ya kisu bali ya kusikiliza. Mwaka 1936 Dunphy alichunguza habari za watu waliokufa kwa ugonjwa huu akakuta kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wamelalamika maumivu ya tumbo kwa muda mrefu kabla ya siku ya mwisho. Maumivu ya namna hiyo huja baada ya kula, kwa kuwa hapo ndipo utumbo udaipo damu nyingi; mgonjwa huishia kukiogopa chakula na kukonda. Mwaka 1951 Klass, huko Kanada, alilitoa donge ndani ya ateri ili kuuokoa utumbo badala ya kuukata, na mwaka 1958 Ende akabainisha kwamba utumbo huweza kufa hata pasipo kizuizi chochote, moyo unapodhoofika ukashindwa kusukuma damu ya kutosha.

Afrika ya Mashariki nayo ina sura yake katika historia hii. Mwaka 1967 J. J. Shepherd alichapisha taarifa ya wagonjwa 92 wa Uganda ambao utumbo wao mwembamba ulikuwa umejizungusha kwenye pindo la mwisho la utumbo mpana, ukafunga fundo na kuikaba mishipa yake yenyewe. Hapa mtaalamu wa lugha hana budi kusimama kidogo. Msemaji wa Kiswahili amesema tangu zamani kwamba tumbo "linamsokota", na maradhi akayaita "msokoto wa tumbo". Kwa wagonjwa wale 92 maneno hayo yalikuwa kweli tupu: utumbo ulikuwa umesokotwa. Lakini donge linapoziba ateri hakuna kilichosokotwa. Na kuhara kwa kawaida nako huitwa msokoto. Neno lataja maumivu, halitaji sababu, na anayelisikia asilidai zaidi ya hapo.

"Mshipa" lina taabu kubwa zaidi. Neno hilo hubeba ateri, vena na hata neva, na mitaani "ana mshipa" huweza kumaanisha ngiri au busha. "Chango" nalo ni utumbo, na ni mnyoo vilevile. Mgonjwa asemaye "mshipa wa tumbo umenikaza" huenda amesema jambo sahihi kabisa, na huenda akapelekwa kutazamwa ngiri.

Watunga istilahi wameongeza hatari yao wenyewe. Tafsiri ijayo upesi kinywani ni "upungufu wa damu utumboni". Lakini "upungufu wa damu" ni jina lililokwisha kukubalika la ugonjwa mwingine, ambapo damu ya mwili mzima ni hafifu, na dawa yake ni vidonge vya madini ya chuma au kuongezwa damu. Mtu mwenye ateri iliyozibwa huenda ana damu tele; imezuiwa njiani tu. Hata neno la Kigiriki ambalo madaktari hulitumia lina maana ya kuzuia damu, wala si kupungua kwake. Kulitohoa na kusema "iskimia" kwafaa vitabu vya chuo, lakini hakumsaidii muuguzi. "Kunyimwa damu" ni bora: kitenzi chadai mtendwa, na mtendwa ni utumbo, si mwili wote.

Dalili ambayo madaktari huihofia zaidi ni maumivu makali katika tumbo ambalo, likibonyezwa, bado ni laini. Mgonjwa huyo ni rahisi kudhaniwa anadeka. Kwa hiyo swali la kwanza la muuguzi lisiwe "tumbo linasokota?", ambalo karibu kila mtu atalijibu ndiyo, bali: maumivu yalianza ghafula au polepole, saa ngapi, na je, kabla ya leo ulikuwa ukiogopa kula?