MBEGU YA NGURUWE DUME: NAMNA YA KUITUNZA ISIFE

Ninyi wafugaji wa vijiji vinavyozunguka machimbo ya Katanga, mnajua kwamba nguruwe dume hula sana mwaka mzima. Mwenye majike wawili au watatu huona hasara kumlisha, basi huazima dume la jirani. Lakini dume anayetembezwa zizi kwa zizi huweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo waganga wa mifugo waliieleza mara ya kwanza huko Kenya mwaka 1921. Homa hiyo haina dawa, nayo huweza kumaliza zizi zima.

Iko njia nyingine: kupandisha jike kwa mrija, kwa mbegu iliyotiwa katika chupa. Mbegu hiyo itoke kwa dume mzima aliyepimwa, maana homa huweza kupita hata ndani ya mbegu.

Mbegu ina uhai

Dume akitolewa mbegu mara moja, hupatikana robo ya lita hivi. Mganga huichanganya na maji safi yenye sukari, chumvi za namna mbalimbali na dawa ya kuzuia vijidudu. Kisha huigawa katika chupa za mililita 80 hadi 100, na kila chupa hutosha kupandisha mara moja. Mchanganyiko wa kawaida huihifadhi mbegu siku 3 hata 5. Kwa hiyo uliza kwanza: mbegu hii ilitolewa siku gani?

Joto lake ni digrii 17

Mbegu ya ng'ombe hugandishwa ikakaa miaka. Ya nguruwe si hivyo. Umeona mafuta ya mawese yanavyoganda asubuhi ya baridi? Ngozi ya kila chembe ya mbegu ina mafuta pia. Ikipoa chini ya digrii 15, mafuta hayo hukakamaa, ngozi hupasuka, chembe hufa. Usiitie kamwe katika frigo la chakula, wala usiiweke juu ya barafu.

Joto likizidi, chembe huamka, humaliza sukari yake upesi na kuchoka, na vijidudu huongezeka.

Njiani na nyumbani

Tuseme umechukua chupa Bel-Air, mjini Lubumbashi, na kijiji chako ki mbali. Fanya hivi:

1. Zifunge chupa kwa karatasi, uzitie katika sanduku lenye kuta nene pamoja na kipimajoto.
2. Mwezi wa Oktoba, jua likiwa kali, weka kando yake chupa ya maji ya baridi, si barafu. Mwezi wa Juni na Julai, usiku ukishuka chini ya digrii 10, weka maji ya vuguvugu kidogo. Tazama kipimajoto mara kwa mara.
3. Sanduku lisikae juani wala karibu na mbabula.
4. Asubuhi na jioni geuza chupa polepole, kwa kuwa chembe huzama chini. Usiitikise.
5. Usiongeze maji. Sabuni na pombe visiiguse, maana huua mbegu.

Usiifungue kabla ya wakati

Bonyeza mgongo wa jike. Akisimama imara na kusimamisha masikio, yu tayari. Mpandishe baada ya saa 12, na mara ya pili baada ya saa 12 nyingine.

Hesabu ya hasara

Jike aliyeshika mimba huzaa baada ya siku 114, yaani miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu. Ukimpandisha tarehe 1 Juni, ungojee watoto karibu na 23 Septemba. Lakini kama mbegu ilikufa njiani, hutaona kwa macho: chupa iliyokufa na iliyo hai hufanana. Jike atarudi kutaka dume karibu na 22 Juni, nawe utakuwa umemlisha majuma matatu bure na kupoteza fedha ya mbegu. Basi chupa uliyoitilia shaka, itupe.