Hatimiliki Kwanza, Viti Baadaye

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliziachia kaunti jukumu la viwanja vya michezo, Serikali ya Kitaifa ikabaki na ukuzaji wa michezo na elimu yake. Kwa maandishi, basi, kiwanja cha mtaa kina mwenyewe. Fedha ndizo zilizoshika njia nyingine. Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ulioanzishwa 2018, hutegemea kodi za kamari na bahati nasibu, na tunajua ni vijana wangapi hubashiri mechi kwa simu zao. Mwaka 2025 hatifungani ya takriban Sh44.8 bilioni iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi ili kugharimia uwanja wa Talanta, wenye viti 60,000, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 ambalo Kenya itaandaa pamoja na Tanzania na Uganda. Wawekezaji wameahidiwa faida ya asilimia 15.04 kwa mwaka kwa muda wa miaka 15, na deni hilo litalipwa kutokana na Mfuko huohuo. Sisemi Talanta haifai. Ninachopinga ni kipimo: tunahesabu viti vya kutazamia, ilhali cha kuhesabiwa ni saa ambazo mtoto anaweza kucheza mahali anapofika kwa miguu.

Kwa kipimo hicho, shilingi ya kwanza haiendi kwa mjenzi hata kidogo. Uwanja kamili wa soka una mita 105 kwa 68, na ukiongeza nafasi ya pembeni unakaribia ekari mbili. Mjini, ekari mbili tambarare zisizo na jengo wala mpangaji wa kuhamisha ndizo mnyakuzi anazoziota. Viwanja vingi vya mitaa na shule vimekaa miaka na miaka kama rangi tu kwenye ramani ya mipango, bila kupimwa wala kusajiliwa, na anayetokea na karatasi, hata iwe ya kughushi, humshinda asiye na karatasi. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walikuta ukuta umejengwa kwenye uwanja wao wa kuchezea. Walipoandamana kuuangusha, polisi waliwarushia gesi ya kutoa machozi. Dunia nzima iliziona picha zile. Mpima ardhi, mawe ya mipaka na hatimiliki yenye jina la shule au kaunti ni gharama ndogo mno ukilinganisha na jukwaa lolote, ila hakuna gavana anayekata utepe mbele ya faili.

Kisha kuna matunzo. Kiwanja cha murram hakiharibiki kwa ghafla. Mvua za masika huanza kwa kutuama mbele ya magoli, pale miguu ilipokwisha kuchimba, na kiangazi hugeuza tope hilo kuwa vumbi na mabonge yanayochuna magoti. Dawa yake inajulikana: kupiga greda, kuinua katikati kidogo ili maji yateremke pembeni, kuzibua mtaro, na kurudia kila mwaka. Tatizo limo katika vitabu vya hesabu. Ujenzi huandikwa chini ya maendeleo, mshahara wa mtunza uwanja chini ya matumizi ya kawaida, na bajeti ikibana, huo wa pili ndio hukatwa. Ndiyo maana kaunti hujikuta ikijenga upya kilekile ilichokijenga. Nyasi bandia hazituokoi, kwani nazo hutaka kupigwa brashi na kubadilishwa baada ya miaka kama kumi. Mtunza uwanja, isitoshe, ndiye mwenye ratiba. Asipokuwapo, jioni huwa ya timu ya wavulana wenye sauti kubwa zaidi, na wasichana husubiri hadi giza liingie.

Wapo watakaosema mashindano makubwa huamsha ari ya vijana kucheza. Ari ipo, nakubali, lakini hamasa ya Olimpiki ya London 2012 haikutosha kuwafanya watazamaji kuwa wachezaji wa kudumu, na Cape Town iliachiwa uwanja wa Kombe la Dunia la 2010 uliokula fedha za jiji. Wengine watasema kaunti zikipewa fedha za viwanja vya mitaa zitazifuja. Hofu hiyo ina msingi, tena kaunti zenyewe hupenda kuiga, zikajenga majukwaa makao makuu na kusahau wadi. Lakini mshahara wa mtunza uwanja na ratiba iliyobandikwa langoni ni rahisi kwa mkazi kukagua kuliko kandarasi ya mabilioni.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba zahanati na madarasa hutangulia. Kweli, na hapo jibu nafuu ni viwanja vya shule za umma, ambavyo tayari vipo na hufungwa masomo yakiisha. Kuvifungua kwa vijana wa mtaa kunahitaji mtu wa kubaki langoni hadi saa moja jioni, na ubishi ni nani amlipe: bodi ya shule husema haina kifungu cha fedha hizo, kaunti husema shule ni ya Serikali ya Kitaifa. Kifungu cha 189 cha Katiba kinazitaka ngazi zote mbili zishirikiane, na kinaziruhusu kuunda kamati za pamoja. Hakuna sheria mpya inayosubiriwa hapo. Kinachokosekana ni mstari mmoja wa bajeti.