Mwenye namba kikosini haachi shule kirahisi

KIGOMA wanaijua soka. Julai 25, 2021 Uwanja wa Lake Tanganyika ulifurika, Simba ikaichapa Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho. Mwaka 2023 Mashujaa wakapanda Ligi Kuu.

Huko juu milimani, Kasulu na Kibondo, kuna wachezaji wanaopotea kabla hawajaonekana na skauti yeyote. Wanaacha shule. Ada hadi kidato cha nne ilifutwa 2016, hivyo hiyo si sababu tena. Kuna umbali, kuna shamba la maharage, njaa ya mchana, mimba, bodaboda. Na kuna hili lisiloandikwa kwenye daftari la mahudhurio: mtoto anayekaa darasani miaka miwili bila mtu kujua kama yupo. Akikosa Jumatatu, nani atamuulizia?

Beki wa kushoto wa timu ya shule akikosa, darasa zima linamsaka mpaka kwao.

Ndiyo maana mamluki wa UMISSETA si jambo la kuchekea, ingawa mashabiki wengi huwa wanacheka. Kijana wa mtaani akivalishwa jezi ya shule, mwanafunzi halali anakaa benchi, baadaye anakaa nyumbani. Kocha kapata kombe la wilaya, shule imempoteza mtoto.

Ukweli usemwe, timu moja haibebi shule yenye mamia ya wanafunzi. Ligi ya madarasa inabeba wengi zaidi, Kidato cha Kwanza A na B, hata kwa mpira wa matambara. Wasichana nao wacheze, wasiishie kutumwa maji ya wachezaji.

Novemba 2021 Joyce Ndalichako, wakati huo Waziri wa Elimu na mbunge wa Kasulu Mjini, alitangaza kuwa walioacha shule, wakiwamo waliojifungua, waruhusiwe kurudi. Dirisha la usajili likafunguliwa. Lakini kusajiliwa si kupata namba. Anayerudi anakuta wenzake wamepanda kidato, yeye ndiye mkubwa darasani, na minong'ono haiishi. Waraka hauwezi kumsaidia hapo. Mwalimu wa michezo anaweza, kwa kumwambia tu saa kumi aje uwanjani na viatu. Kama hana, aje hivyo hivyo.