Kaida za Frimasoni na Uzushi wa Mali ya Kafara

Miongoni mwa vyama vya faragha, hapana kinachotajwa sana mijini mwetu kama Frimasoni, na aghalabu wanaokitaja husema jambo moja: kwamba anayeingia humo hupewa mali isiyo na kifani, na thamani yake ni damu ya mtu wa nyumbani mwake. Lakini mwenye kuzitazama kaida za chama hicho kwa utulivu ataona ya kuwa dhana hii haikuja nacho kutoka Ulaya, bali ilikuwako huku kwetu ikikingoja.

Asili ya chama, kwa kauli ya wenyewe, ni waashi wa mawe wa Uingereza na Uskoti, waliokuwa na alama zao za kutambuana. Baadaye wakaingia waungwana wasiowahi kushika nyundo, na tarehe 24 Juni 1717 lodji nne za London, yaani matawi yao ya kukutania, zikaungana chini ya mkuu mmoja. Zana za waashi zikabaki kuwa mafunzo ya adabu: guni yafundisha unyofu, bikari yafundisha mtu kujiwekea mpaka.

Ama siku ya kuingizwa, mwanafunzi husimamishwa nje ya mlango ulindwao na bawabu mwenye upanga, akavuliwa koti, akaondolewa fedha, pete, saa na kila kitu cha madini alicho nacho. Hufungwa kitambaa machoni, mguu wa kushoto wa suruali ukapandishwa hata goti likawa wazi, na kamba ikatiwa shingoni. Akiisha kula kiapo juu ya kitabu cha dini yake, na macho yake kufunguliwa, huombwa mbele ya hadhara atoe chochote kwa ajili ya maskini, naye hana hata senti moja. Hapo huusiwa aikumbuke saa hiyo ya ufukara kila amwonapo ndugu mwenye dhiki. Basi mlango usemwao kuwa wa kupokelea mali ndio ambapo mtu huondolewa aliyo nayo, na baada yake hufuata ada za kila mwaka na michango ya sadaka. Ndani ya lodji ni marufuku kubishana juu ya dini wala siasa, na kwa sababu hiyo Mwislamu, Mkristo na Mhindu huketi pamoja.

Shutuma juu yao si mpya. Papa Klementi wa Kumi na Mbili aliwalaani mwaka 1738. Mfaransa Léo Taxil aliandika kwa miaka mingi habari za shetani kuhudhuria lodji, hata mwaka 1897 akakiri hadharani mjini Paris kwamba zote alizitunga. Na mwaka 1994 Rais Moi wa Kenya aliunda tume, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, ichunguze ibada ya shetani. Huku kwetu, hata hivyo, uvumi ulikuta itikadi ya kale ya ndagu, ya kwamba tajiri wa ghafla amemtoa kafara mwanawe au mamaye, ukaivisha jina la kigeni.

Lakini wako waliojitokeza: Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa Tanzania aliyejiunga Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na baadaye akawa mkuu wa Frimasoni wa Afrika Mashariki, hakuuficha uanachama wake; aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 2005. Na viwanda vya ukoo wake vilipotaifishwa mwaka 1967, lodji haikumkinga.

Wanaovuna kwa hakika ni matapeli wabandikao namba za simu kwenye nguzo za umeme, wakiahidi utajiri kwa atakayetanguliza ada ya usajili. Watapata wateja maadamu kijana aona ghorofa likiinuka mtaani, wala haoni kazi iliyolijenga. Kwani swali lake, kwamba mali hiyo ilitoka wapi, ni la haki, nalo lisipojibiwa na walio na mali, litajibiwa na mwenye nguzo.