Usiguse Gari la Ajali Kabla Halijakaguliwa

Lori na bodaboda zimegongana usiku. Dereva wa lori anasema pikipiki haikuwa na taa. Mwendesha bodaboda amelazwa, hawezi kusema, na hakuna shahidi. Huenda jibu limo ndani ya balbu ya pikipiki.

Balbu ikiwa inawaka wakati wa kishindo, uzi wake huwa moto na laini, kwa hivyo huvutika na kupinda. Ikiwa imezimwa, uzi baridi hukatika kwa ncha kali. Kioo kikivunjika taa ikiwaka, uzi huungua na kuacha unga mweupe au wa manjano. Taa za LED hazina uzi huo. Anayeng'oa taa akauze anaweza kuwa anamnyima majeruhi fidia.

Kwenye bodi, mkaguzi hutenganisha uharibifu wa aina mbili. Kuna ule wa pale magari yalipogusana: rangi ya gari lingine, alama za tairi, michubuko, pengine hata chapa ya namba ya usajili kwenye bampa. Kisha kuna ule unaotokea mbali na hapo, nguvu inaposafiri ndani ya bodi: paa hukunjamana, mlango hukataa kufunguka. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunaona mlango umepinda, tunaapa gari lilipigwa ubavuni, kumbe liligongwa mbele. Kioo cha mbele nacho kikipigwa na kichwa, nyufa hutawanyika kama utando wa buibui. Kikipindwa na bodi, nyufa huwa ndefu zisizo na kitovu.

Mkunjo wenye kutu ni wa zamani. Alama za mnyororo wa gari la kuvuta ni za baadaye, nazo humchanganya mkaguzi asipoambiwa.

Okoeni watu kwanza, hata ikibidi kukata mlango. Kisha mwelezeni afisa wa trafiki mlichokata au kusogeza. Mwenye simu apige picha pande zote nne kabla gari halijavutwa. Dereva aliyehusika katika ajali yenye majeruhi anapaswa kuripoti kwa polisi haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kuisha.

Na msiwashe taa za gari hilo ili kuona kama zinafanya kazi. Balbu iliyopasuka ikiwashwa, uzi wake huungua papo hapo, na ushahidi hupotea.